Metali Zinavyolika Ndani ya Petroli Yenye Ethanoli: Utangulizi

Huhitaji kuwa mkemia ili ufuate utangulizi huu. Ukijua kwamba chuma kikiloa hushika kutu, una mtaji wa kutosha. Somo letu ni ulikaji, yaani kuharibika kwa metali polepole kutokana na mmenyuko wa kikemia kati yake na vitu vinavyoizunguka. Kutu ni ulikaji wa chuma. Aluminiamu, zinki na shaba nazo hulika, kila moja kwa namna yake.

Tuanze na msingi, nao ni umeme. Sehemu moja ya uso wa metali, iitwayo anodi, hupoteza elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi. Atomi zilizopoteza elektroni huwa ioni, yaani atomi zenye chaji, nazo huponyoka na kuingia katika kimiminika. Elektroni husafiri ndani ya metali hadi sehemu nyingine, kathodi, ambako mara nyingi hupokelewa na oksijeni. Ili mzunguko ukamilike, ioni nazo zinahitaji njia: kimiminika kinachopitisha umeme, kiitwacho elektroliti.

Petroli tupu si elektroliti. Ndiyo maana tangi la chuma huihifadhi kwa muda mrefu, na kutu ikionekana, kwa kawaida huwa pale maji yalipotuama. Sasa tuongeze ethanoli, alkoholi inayopatikana kwa kuchachusha sukari ya miwa au wanga wa mahindi. Mchanganyiko huitwa kwa herufi E na asilimia ya ethanoli kwa ujazo: E10 ina asilimia 10. Kenya iliwahi kuuza petroli ya namna hii miaka ya 1980, ethanoli ikitoka mji wake wa Muhoroni. Nchini Brazili petroli ya kawaida ilifikishwa E30 mwaka 2025.

Maji na mafuta havichanganyiki, lakini ethanoli ni mshenga anayevipatanisha: ncha moja ya molekuli yake hukubaliana na petroli, nyingine na maji. Hivyo hufyonza unyevu wa hewani na kuushikilia ndani ya mafuta, pamoja na chumvi kidogo. Miongoni mwa chumvi hizo, kloridi hutoboa oksaidi, utando mwembamba wa metali na oksijeni unaoikinga aluminiamu. Maji yakizidi, na katika E10 takriban nusu ya asilimia moja hutosha, mshenga huihama petroli na kufuatana na maji. Tabaka zito la maji na ethanoli hujitenga chini ya tangi, nalo ni elektroliti hasa. Aidha, ethanoli ikikutana na oksijeni huweza kugeuka taratibu kuwa asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake.

Pengine umeshahitimisha kwamba maji ndiyo adui, na mafuta makavu ni salama. Subiri kidogo. Ethanoli kavu ikipata joto kali huishambulia aluminiamu moja kwa moja, ikizaa gesi ya hidrojeni na alkoksidi, yaani kampaundi ya metali na alkoholi. Huu ni ulikaji mkavu. Maji kidogo huuzuia, kwa kuwa huiwezesha aluminiamu kuujenga upya utando wake. Kumbe maji yale yale yanayokiponza chuma huiokoa aluminiamu! Kwa hiyo hatuulizi tu kama ethanoli inaila metali. Tunauliza ni metali ipi, maji kiasi gani, joto lipi, na kuna chumvi au asidi gani.

Brazili ilijifunza hayo kwa vitendo. Mpango wake wa kutumia ethanoli, Proálcool, ulianza mwaka 1975, na mwaka 1979 gari la Fiat 147 likaingia sokoni likitumia ethanoli bila petroli. Kabureta za aloi ya zinki, yaani zinki iliyoyeyushwa pamoja na metali nyingine, zililika; dawa ikawa kuzipaka nikeli. Mafuta hayakubadilishwa, uliobadilishwa ni uso unaoyagusa.

Njia nyingine ni kuyadhibiti mafuta yenyewe. Kiwango cha D4806 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, huwekea ethanoli ya kuchanganywa na petroli mipaka ya maji, asidi, kloridi na shaba. Shaba imo kwa sababu huharakisha kuchacha kwa petroli. Kitafute ukisome. Orodha ambayo jana ingekuwa tarakimu kavu, leo utaweza kueleza kila mpaka unalinda nini, na dhidi ya nini.