Kadi za Mataa kwa Mita ya Kasulu

Oktoba 2022 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaunganisha. Tarehe 12, Nvidia waliingiza sokoni kadi ya grafiki RTX 4090, mla wati 450. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Kigoma, alizima majenereta ya dizeli na umeme wa Gridi ya Taifa ukachukua nafasi yake. Kwa Kibondo na Kasulu, miji iliyoishi miaka mingi kwa kusikilizia mngurumo wa jenereta, kompyuta ya mezani inayowaka rangi zote ikaacha kuwa kichekesho. Rekodi za kadi za grafiki ninazisoma hapa kwa jicho la mtu anayenunua tokeni za LUKU.

Yenye njaa kuliko zote humu. RTX 5090 ya Januari 2025: wati 575, bei ya kuanzia dola 1,999, na Nvidia wanashauri uifungie pawasaplai ya wati 1,000. Ikikimbizwa kwa nguvu zote kwa saa nzima inakula zaidi ya nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, takribani shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 205. Mwenye dola elfu mbili za kadi hawezi kulia kwa shilingi mia mbili. Atalia siku umeme utakapokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo UPS na stabilaiza ningezinunua kabla ya kadi yenyewe.

Ndefu kupita kasha. ROG Strix RTX 4090 ya ASUS ina urefu wa milimita 357.6. Sasa chukua Dell Optiplex ya mtumba, ile nyembamba iliyozoeleka kwenye stesheneri, kama 7010: kina chake ni milimita 312 tu. Hata utoe hadi diski, kadi itachungulia nje.

Zinazotufaa kuliko zote hazimo kwenye orodha za wenye mbwembwe. Ni zile fupi zisizodai waya wa ziada, zinazonyonya umeme kwenye sloti ya ubao mama, ambayo mwisho wake ni wati 75. GT 1030 ya 2017 inatosheka na wati 30. GTX 1650 ya 2019 inafika 75. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, inakula 70. Matoleo mafupi ya kadi hizi yanaingia kwenye Optiplex bila kulazimisha. Tatizo ni kwamba hayana taa, na kijana aliyechoma vocha zake kwa video za kompyuta za Wachina na Wamarekani hataki kadi iliyonuna.

Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu, wakidhani mataa ndiyo mlaji. Taa ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye kadi. Kila kitone kinachong'aa ni taa tatu ndogo zilizobanana: nyekundu, kijani na bluu. Kila moja ina ngazi 256 za mwanga, na ukizizidisha unapata rangi 16,777,216, zile "milioni 16.7" zinazoandikwa kwenye boksi. Kitone kimoja cha aina ya WS2812 kikiwaka cheupe kwa nguvu zote kinakula kama wati 0.3. Weka ishirini, ni wati 6. Washa saa nne kila usiku mwezi mzima, haifiki uniti moja: kama shilingi 256. Soda ni ghali zaidi.

Iliyochelewa kuja ni taa ya bluu. Nyekundu inayoonekana kwa macho mwanasayansi Nick Holonyak aliiwasha 1962. Bluu yenye mwanga wa kutosha ikasubiri hadi miaka ya 1990, na wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Nobeli ya Fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014. Kwenye kadi, GTX 690 ya 2012 iliwasha maandishi ya kijani ubavuni. Kufikia GTX 1080 ya 2016, Strix ya ASUS ilikuwa inabadili rangi kwa programu.

Sahaulifu kuliko zote ni kadi ambayo rangi uliyoichagua inakaa kwenye programu badala ya kumbukumbu ya kadi. Umeme ukikatika, inarudi kwenye upinde wa mvua wa kiwandani hadi Windows iamke na programu ifunguke. Programu za watengenezaji nazo hupimwa kwa mamia ya megabaiti, bando la siku limeisha kabla hujaona zambarau. Mimi ningejaribu kwanza OpenRGB ya Adam Honse: ni ya bure, nyepesi, na inaelewana na kampuni nyingi. Ukiona kitufe cha kuhifadhi kwenye kifaa, kibonyeze.

Yenye giza kwa makusudi: RTX 3070 ya ASUS na Noctua, 2021. Feni za rangi ya kahawia, taa hakuna. Naipenda kuliko zote humu, ila sitegemei vijana waniunge mkono.

Ajali rahisi kuliko zote inamsubiri anayeongeza mkanda wa taa ili kadi yake ndogo isionekane maskini. Plagi ya pini nne ni ya volti 12. Ya pini tatu ni ya volti 5. Ukichomeka mkanda wa volti 5 penye 12, vitone vinaungua papo hapo, na hakuna fundi wa kuvifufua.

Kiangazi, vumbi jekundu la Kasulu hulala kwenye mapanga ya feni na bluu ikageuka kijivu. Zima, chomoa, chukua brashi laini na blowa. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa upepo wa blowa inaweza kuharibika.