Kujifunza Kichina kwa Kuzama (Sehemu ya Pili): Toni Kwanza, Maneno Baadaye

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kiapo cha lugha kinachotumika Middlebury, jimbo la Vermont nchini Marekani, ambako shule za lugha za majira ya joto zilianza mwaka 1915 na ile ya Kichina ikafunguliwa mwaka 1966. Mwanafunzi hutia saini kwamba kwa wiki nane, darasani, mezani na bwenini, hatasema ila lugha anayojifunza. Anayeanza kabisa hulegezewa kidogo siku za mwanzo. Leo tuingie darasani kwenyewe, kwa sababu kiapo peke yake hakimfundishi mtu.

Ushahidi kwamba kuzungukwa na lugha tu hakutoshi uko Guangzhou, mji wa kusini mwa China. Katika mitaa ya Xiaobei wapo wafanyabiashara kutoka Afrika, wa kwetu wakiwamo, ambao kwa miaka wamenunua nguo, simu na vipuri kwa kugonga tarakimu kwenye kikokotoo na kumwonyesha muuzaji. Kichina kimewazunguka asubuhi hadi usiku, na mara nyingine wanachosikia ni Kikantoni, lugha ya huko. Wengi wao wameambulia bei, rangi na salamu. Si kwamba ni wavivu, wala si kwamba hawana akili ya lugha. Wengi wanasema lugha nne au tano. Walichokosa ni mtu wa kuwasimamisha kila wanapokosea. Muuzaji anataka kuuza, hana muda wa kusahihisha matamshi ya mteja. Kuzama kunakozaa matunda ni kule kulikopangwa, na mpango wenyewe huanza na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno.

Sababu yake ni hii. Ukiziondolea toni, silabi za Kichina sanifu ni kama 400 tu. Ukizihesabu pamoja na toni zinafika kama 1,300. Lugha nzima, kuanzia ya sokoni hadi ya mahakamani, inajengwa kwa silabi hizo chache, kwa hiyo toni si pambo. Toni ya kwanza iko juu na imenyooka, ya pili inapanda, ya tatu inakaa chini, ya nne inashuka kwa nguvu. Neno mǎi, toni ya tatu, ni kununua. Mài, toni ya nne, ni kuuza. Mfanyabiashara anayezichanganya mbili hizo anaweza kueleza kinyume kabisa cha alichokusudia, na mwenzake asijue kama amekosea.

Walimu wazuri hawafundishi toni moja moja, maana mtu anaweza kuiga silabi moja vizuri kabisa kisha akapotea mara tu anapoambiwa aseme mbili. Hufundisha jozi. Toni nne zikikutana mbili mbili zinatoa mipangilio 16, na karibu kila mmoja una mwendo wake. Mwalimu huandika neno ubaoni, darasa zima hulisema, kisha hunyoosha mkono kwa mtu mmoja. Akikosea, mwalimu hatoi maelezo. Analisema neno lilivyo sawa na kungoja. Mwanafunzi anarudia, bado, mwalimu analisema tena na kungoja tena, na wenzake wote wanasikiliza. Salamu yenyewe, nǐ hǎo, ni mtego: toni mbili za tatu zikifuatana, ya mbele hugeuka kuwa ya pili, na sikio linapaswa kulizoea hilo kabla akili haijapewa kanuni.

Utaratibu huu si mgeni. Mwanaisimu Zhao Yuanren, aliyefundisha Kichina kwa mkazo Harvard wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha kitabu chake cha wanaoanza mwaka 1948. Humo alitanguliza mazoezi ya sauti kabla ya somo la kwanza. Naamini alikuwa sahihi, na kwamba kozi zinazokimbilia msamiati ili kumfurahisha mwanafunzi zinamdhulumu.

Msemaji wa Kiswahili ana tatizo lake maalumu. Sisi hutofautisha "umekula" na "umekula?" kwa kiimbo tu, kwa kuipandisha sauti mwishoni. Tabia hiyo tunaibeba hadi kwenye Kichina. Anayetaka kuuliza "unataka?" anaipandisha silabi ya yào, ambayo ilitakiwa ishuke, na neno linaharibika. Wachina wana kiungo cha kuuliza, ma, kinachokaa mwisho wa sentensi na kufanya kazi kama ya "je" yetu. Anayeanza na akitumie hicho, aiache toni ya neno mahali pake. Mwenye lugha ya mama yenye toni, kama Kihaya, Kikuyu au Dholuo, anaanza na sikio lililo macho zaidi, ijapokuwa toni za lugha hizo hazifanyi kazi sawasawa na za Kichina.

Watu wa Mombasa na Lamu nao wana faida ambayo wengi hawaijui. Katika lahaja zao, paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa: la pili lina pumzi. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha b na p katika pinyin, mfumo wa herufi za Kilatini uliopitishwa China mwaka 1958. Ile b iko karibu na p ya paa la nyumba, na p ni ile ya mnyama. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwa p kitapepea, kwa b kitatulia. Na ng ya mwisho katika Beijing ni ile ya ng'ombe, bila irabu ya kuifuata.

Yote haya yanataka muda. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huwapa wiki 36 kujifunza Kiswahili, na 88 kujifunza Kichina, yaani saa 2,200 za darasani. Wiki nane ni mwanzo tu. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi za reli ya TAZARA nao walianza na lugha kwanza, na hadi leo wengi wanaopata udhamini wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza hupitia mwaka wa maandalizi ya Kichina.

Kwako wewe ambaye barua ya udhamini imeshafika: omba chumba kimoja na mtu msiyeshirikiana naye lugha nyingine yoyote. Mwambie mwalimu wako tangu wiki ya kwanza akusahihishe toni hata mbele za watu, wala asikuonee haya. Toni iliyozoeleka vibaya kwa miezi sita ni kazi kubwa kuing'oa, na utakuwa na mengine ya kufanya wakati huo. Wiki ijayo tutaanza maandishi.