Telefoni na esansi: hatari ya kweli iko wapi?

Saa moja ya usiku, umeme umekatika mtaani. Motari anasimama kwa kadhafi, anaomba litri moja ya esansi. Kadhafi anaanza kumimina, na buji inawaka juu ya meza yake. Papo hapo telefoni ya motari inalia, anaipokea. Watu wanapiga kelele: "Kata telefoni, utatuunguza!" Lakini buji, hakuna anayeiangalia.

Tuanze na esansi yenyewe. Kinachoshika moto ni mvuke wake. Mazutu inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ili mvuke wake uwake, lakini esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko ile ya friji. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa chini bila kuonekana, mpaka kwenye mbabula ya mama anayechoma mahindi pembeni.

Na telefoni? Mawimbi yake ni dhaifu. Huko Marekani, wachunguzi wa mioto ya stesheni za mafuta hawakupata hata moto mmoja uliothibitishwa kwamba uliletwa na simu. Walichokuta mara nyingi ni cheche ya umeme unaojikusanya mwilini na kwenye nguo, ule unaosikia ukilia unapovua sweta.

Basi kwa nini tunaambiwa tuweke telefoni mfukoni? Ju telefoni ya kawaida haikutengenezwa kwa mahali penye mvuke wa kuwaka. Ikianguka, ao kama betri yake imevimba, inaweza kutoa cheche. Tena, mwenye kuongea haangalii tanki: esansi inajaa, inamwagika juu ya moteri ya moto.

Hatari nyingine iko kwenye vibanda vya kuchajia simu. Grupu inanguruma, bidoni ya esansi iko pembeni, nyaya na telefoni nyingi zimejaa meza. Esansi ikiisha, kijana anaongeza bila kuzima, ili wateja wasilalamike. Hapo cheche ya grupu, ao joto la bomba la moshi, inatosha.

Ndugu msikilizaji, shika haya:

- Zima moteri, shuka kwenye moto, maliza kuongea ndipo mafuta yamiminwe.
- Ukilipa kwa telefoni, lipa mbele ya kumimina, ao kisha tanki kufungwa, ukiwa umesogea hatua chache.
- Usiku, hapana buji wala kiberiti. Mtu mwingine amulike kwa torshi, akiwa mbali kidogo. Aiwashe mbele ya chupa kufunguliwa.
- Zima grupu, iache ipoe, ndipo uongeze. Bidoni ikae nje, mbali na mahali pa kuchaji.
- Esansi ikiwaka, usimwage maji, yanatawanya moto. Tumia mchanga mkavu ao kizima-moto cha unga.
- Mtu akiungua, mwagilia kidonda maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kwa hiyo, mwambie motari kwa heshima: "Kaka, kata kwanza, utampigia kisha." Halafu geukia kadhafi: "Na wewe papa, zima ile buji."