Mama mjamzito na ushauri wa kwenye simu

Safu yetu leo inamlenga mama mjamzito wa Kibondo na Kasulu, pamoja na mumewe, maana katika nyumba nyingi simu hukaa mfukoni mwa baba.

Siku hizi mwanamke akihisi jambo geni tumboni, huuliza kwanza kwenye kundi la WhatsApp au hutafuta Facebook. Hatumlaumu. Zahanati huweza kuwa mbali, na yapo mambo ambayo huona haya kumweleza mganga mwanamume. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha ujumbe mfupi wa bure wa Wazazi Nipendeni kupitia namba 15001, kwa kuwa simu hufika hata pale muuguzi asipofika.

Tatizo ni kwamba anayekujibu kundini hakuoni. Hajakupima presha, hajui wingi wa damu yako wala umri wa mimba. Atakwambia vidonge vya kuongeza damu humkuza mtoto hadi ushindwe kujifungua. Si kweli. Vile ni madini ya chuma na foliki asidi, na mama mwenye damu pungufu ndiye aliye hatarini zaidi akitokwa na damu siku ya uzazi. Mwingine atasema SP inaharibu mimba, wakati dawa hiyo hutolewa kliniki baada ya wiki 13 ili kumkinga mama na malaria, ugonjwa ulioenea sana mkoani Kigoma. Kibaya kuliko vyote ni mitishamba ya kuongeza uchungu. Kipimo chake hakijulikani, na uchungu ukizidi nguvu kizazi huweza kupasuka, mama na mtoto wakapotea.

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi ulilosoma liandike, nenda nalo kliniki pamoja na kadi yako, umuulize mkunga. Hata suala la kufunga Ramadhani ni hivyo hivyo: rukhsa ya mjamzito mwulize sheikh, lakini hali ya mwili wako anaijua aliyekupima. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na mtoa huduma mara 8, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Wengi huanza mimba ikishaonekana, na hapo nafasi ya kuuliza mengi imeshapita. Kama swali si la dharura na kliniki bado, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya.

Ama yapo mambo yasiyongoja jibu la kundi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza. Ukiona mojawapo saa nane za usiku, usiandike ujumbe ukasubiri wenzio waamke. Mwamshe mumeo, apige 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Nawe baba, ihifadhi namba hiyo leo, na wakati wa masika afikianeni mapema na mwenye gari wa jirani, kwani barabara za vijijini mnazijua.