Sauti ya Mwanafunzi Nayo Irekodiwe

Neno "barabara" likiandikwa, mwalimu wa Kiswahili wa mtandaoni hawezi kujua mwanafunzi wake analitamkaje. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukirudi nyuma silabi moja, ba-RA-ba-ra, maana yake ni sawasawa, vilivyo. Herufi ni zile zile, na jaribio la kuchagua jibu halitalifichua kosa hilo hata muhula uishe. Hata hivyo, masomo mengi ya mtandaoni huitumia sauti upande mmoja tu: mwalimu hurekodi, mwanafunzi husikiliza. Nashikilia kwamba faida kubwa iko upande wa pili, mwanafunzi anapofungua kinywa na kujirekodi.

Noah Forrin na Colin MacLeod, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2018 jaribio lililolinganisha njia nne za kujifunza maneno. Waliosoma kimya walikumbuka machache kuliko wote. Kumsikiliza mtu mwingine kulisaidia kidogo, kusikiliza rekodi ya sauti yako mwenyewe kukazidi, na kutamka mwenyewe papo hapo kukashinda yote. Ni kweli, hayo yalikuwa maneno tu, na kukumbuka neno si kuelewa somo. Lakini mwaka 1994 Michelene Chi na wenzake waliwapa wanafunzi wa darasa la 8 nchini Marekani maandishi kuhusu mzunguko wa damu mwilini. Walioombwa kujieleza kila sentensi kwa maneno yao walielewa zaidi kuliko wenzao waliosoma maandishi yale yale mara mbili. Anayeeleza hulazimika kuziba pengo ambalo macho hulipita kimya kimya. Kwa hiyo zoezi zuri la kurekodi halimwambii mwanafunzi asome ukurasa. Linamwambia aufunge, kisha aeleze damu inatokaje moyoni kwenda mapafuni na kurudi.

Wapo watakaosema bando litakwisha. Dakika 2 za usemi zikibanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde ni kilobaiti 240 tu. Video ya muda huo huo kwa kilobiti 1,000 ni megabaiti 15. Hoja ya mwalimu mwenye wanafunzi 80 ni nzito zaidi: dakika 2 kwa kila mmoja ni zaidi ya saa 2 na nusu za kusikiliza. Siioni kama sababu ya kuacha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kujifunza hutokea wakati wa kusema. Wanafunzi wasikilizane wawili wawili, naye asikilize rekodi 10 kila wiki kwa zamu.

Kinachobaki ni aibu, nayo ina asili yake mwilini. Tunaposema, sauti yetu hutufikia kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo huongeza uzito wa sauti za chini. Rekodi ina ile ya hewani peke yake, ndiyo maana tunajisikia wembamba na wageni. Mwalimu alieleze hilo kabla ya zoezi la kwanza, na aruhusu rekodi kufutwa na kurudiwa. Aliyefuta mara tatu ameshatamka "barabara" mara nne.