Je, Wajua? Ndege Inayovutwa kwa Trela

Mkazi wa Tala akimwona mwewe akizunguka upande wa Kilimambogo bila kupiga bawa, anatazama kazi ya glaida: kupanda juu ya hewa moto inayoinuka kutoka ardhini. Nchini Kenya ndege hizi zisizo na injini hurushwa Mweiga, kaunti ya Nyeri.

Mabawa ya glaida huchomolewa, na ndege nzima ikaingia ndani ya trela ndefu. Kwa hiyo anayetafuta ya mitumba asiishie kutazama rangi. Aulize bawa moja lina uzito gani, maana ndilo litakaloinuliwa kwa mikono kila siku ya kuruka. Standard Libelle ya Ujerumani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, bado inapendwa kwa sababu hiyo: ni ya fibaglasi, upana wake mita 15, na ikiwa tupu haifiki kilo 200. Ka 6 ya mbao huwa bei nafuu zaidi, lakini gundi yake ikaguliwe na fundi mwenye leseni. Unyevu huila kimyakimya.

Kwenye glaida nyingi za zamani, fito za usukani huunganishwa kwa mkono baada ya mabawa kukaa. Kwenye mpya nyingi, fito hujiunga zenyewe. Muungano mmoja ukisahauliwa, rubani hupaa bila usukani kamili. Ndiyo maana kabla ya kuruka mtu mmoja hushika kibawa kinachosogea nyuma ya bawa huku mwingine akisukuma usukani.

Trela nayo ikaguliwe. Mbovu hugeuza ununuzi wa bei poa kuwa hasara.