Homa ya Kujikunja na Damu ya Wazee

Kati ya 1952 na 1953, homa kali iliwakumba watu wa Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Viungo viliuma hadi mtu akatembea amejikunja, na Wamakonde wakaiita chikungunya, jina linalotumiwa leo na madaktari wa dunia nzima. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Maji yalikuwa adimu juu ya Uwanda wa Makonde, na yale yaliyohifadhiwa majumbani yaliwapa mbu aina ya Aedes mahali pa kuzaliana.

Kijana huugua sana, kisha kwa kawaida hupona. Mzee yumo hatarini zaidi. Kisiwani Réunion, mwaka 2005 na 2006, karibu theluthi moja ya wakazi waliambukizwa, na wengi wa waliofariki walikuwa wazee.

Sababu mojawapo imo ndani ya damu. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, kambi ambamo chembe nyeupe ziitwazo seli T hufundwa kumtambua adui. Tezi hiyo husinyaa mapema, na uzeeni sehemu yake kubwa imegeuka mafuta. Askari wapya hupungua. Hubaki wakongwe wanaokumbuka vita vya zamani. Mzee aliyewahi kuugua chikungunya bado ana kinga yake, lakini kirusi kigeni humkuta na jeshi haba, huku mwili wake ukiwa tayari na uvimbe wa chinichini usiotulia.

Hata chanjo huathiriwa na umri: mwaka 2025 mamlaka za Marekani zilipendekeza kusitisha kwa muda chanjo moja ya chikungunya kwa wenye miaka 60 na zaidi, baada ya baadhi yao kupata madhara makubwa.